Kidonge kimoja, kazi tofauti: majibu kwa waliouliza kuhusu amitriptilini

Barua za mwezi huu zimeiangukia dawa moja. Amitriptilini ni ya zamani, iko sokoni tangu mwaka 1961, bei yake ni nafuu, na wengi wenu mmepewa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa "1 usiku" bila maelezo mengine. Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Kidonge hicho hicho cha miligramu 25 hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, huzuia kipandauso na hutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na kila kazi ina kipimo chake, muda wake na namna yake ya kuacha. Asiyejua chake kinafanya kazi gani hawezi kujua kama kinafanya kazi. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

"Nina kisukari mwaka wa kumi na mbili. Usiku miguu inawaka moto, hata shuka likigusa nyayo nashtuka. Kliniki wamenipa amitriptilini, nusu kidonge usiku. Mwanangu kasoma kwenye simu kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili. Wameniona nimechanganyikiwa? Na hiyo nusu itasaidia nini?" – Mama, Morogoro

Shikamoo mama. Hawakukuona umechanganyikiwa. Wamekupa dawa inayotumika hasa kwa maumivu ya namna yako. Maumivu ya kuwaka moto, kuchomwachomwa na sindano au kupigwa shoti hayatoki kwenye kidonda wala kwenye msuli. Yanatoka kwenye mishipa ya fahamu yenyewe, ambayo sukari ya miaka mingi imeichakaza, nayo hupeleka taarifa ya maumivu hata pale ambapo hakuna kilichoguswa zaidi ya shuka. Ndiyo maana panado na diklofenaki hazifui dafu hapo.

Amitriptilini huzifanya seli za neva zichelewe kuzirudisha ndani kemikali mbili, serotonini na noradrenalini. Kwenye uti wa mgongo, kemikali hizo husaidia kubana njia ambayo taarifa ya maumivu hupandia kwenda kwenye ubongo. Ndani ya ubongo, kemikali hizo hizo zina sehemu yake katika furaha, hamu na usingizi wa mtu, na kwa hiyo dawa hiyo hutibu pia sonona. Alichosoma mwanao ni kweli, ila amesoma nusu ya habari. Na mwambie kwamba hata kama ungepewa kwa ajili ya sonona, pasingekuwa na aibu yoyote.

Nusu yako ni miligramu 12.5, na kwa maumivu watu huanzia kati ya 10 na 25. Tunaanza chini ili mwili uzoee. Ikivumilika, mhudumu wako hupandisha kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili, mpaka 50 au 75 kwa usiku. Zaidi ya hapo ni kazi ya bingwa. Usingizi utaimarika ndani ya siku chache, na wengi hudhani ndiyo dawa imeshafika mwisho wake. Maumivu yenyewe huchukua wiki mbili au zaidi kuanza kushuka, na hukumu ya haki hutolewa baada ya wiki sita hadi nane, zikiwemo angalau mbili za kipimo kamili. Chukua daftari, kila asubuhi yape maumivu ya usiku uliopita alama kati ya 0 na 10. Ukifika kliniki na alama za wiki sita, mhudumu ataamua kwa ushahidi, si kwa "naona kama afadhali". Ikishuka kutoka 8 hadi 4, hayo ni mafanikio makubwa kwa ugonjwa huu. Isiposhuka kabisa, dawa ibadilishwe. Si kila mtu humfaa.

Mama, kuna jambo tunalisisitiza zaidi ya kidonge. Dawa hii hunyamazisha mshipa, haiutengenezi. Sukari ikiendelea kuwa juu, uharibifu unaendelea kimyakimya. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, au mwombe mjukuu akuangalizie. Usiiloweke miguu kwenye maji ya moto kutafuta nafuu, maana mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua, na vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyowapeleka watu kukatwa mguu. Halafu angalia mizani: dawa hii huongeza hamu ya kula, hasa vitu vitamu.

"Mke wangu aliambiwa ana sonona miaka miwili iliyopita. Anakunywa amitriptilini 25 kila usiku. Analala vizuri, lakini mchana ni yule yule: hacheki, hapiki, haendi hata kwa dada yake. Kila mwezi tunapewa dawa ile ile. Je, ugonjwa umegoma?" – Mume, Dodoma

Ndugu yetu, kabla ya kusema ugonjwa umegoma, tuulize kama umewahi kutibiwa. Kwa mtu mzima mwenye sonona ya wastani au kali, miligramu 25 haifiki hata ngazi ya kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na bingwa wa akili unaelekeza kuanza na 50 wakati wa kulala, kuongeza 25 hadi 50 kila wiki, mpaka kufikia kati ya 100 na 150. Kwa wazee huanza na 25, hupanda hadi 50 au 75, na haizidi 100. Miaka miwili kwenye 25 ni sawa na kusimama mlangoni.

Kwa nini basi analala vizuri? Kwa sababu dawa hii ina kazi zaidi ya moja ndani ya mwili, na kila kazi inataka kiasi chake. Kiasi kidogo tu kinatosha kuziba histamini, kemikali inayotuweka macho, na usingizi unakuja. Kuinua moyo wa mtu kunahitaji kiasi kikubwa zaidi. Kwa hiyo familia inaona analala, mhudumu anaambiwa "anaendelea vizuri", na kila anayeshika faili ananakili alichoandika mwenzake. Tunaliona hili mno, na linatuuma, maana mgonjwa amevumilia kinywa kikavu na choo kigumu kwa miaka bila kupata alichokifuata.

Msipandishe wenyewe nyumbani. Nendeni kliniki na mambo haya yakiwa tayari: tarehe aliyoanza, kipimo, siku anazoruka, dawa nyingine zote anazotumia zikiwemo za miti shamba, na ugonjwa wowote wa moyo, kifafa, macho au ini. Mwenye umri mkubwa au historia ya moyo afanyiwe kipimo cha umeme wa moyo kwanza. Jingine ambalo wengi husahau kulitaja: je, aliwahi kuwa na kipindi cha kinyume chake, analala saa mbili tatu bila kuchoka, anaongea bila kupumua, anatumia pesa ovyo, ana mipango mikubwa isiyoshikika? Kama ndiyo, huenda ugonjwa wake si sonona ya kawaida, na dawa hii ikipewa peke yake inaweza kumrusha kwenye hali hiyo. Msilifiche hilo hata kidogo.

Njia mara nyingi ni mbili. Ya kwanza ni kupandisha amitriptilini kwa ngazi. Ya pili ni kuhamia fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, kwa kawaida miligramu 20 asubuhi baada ya wiki moja ya 10. Fluoksetini haikaushi mdomo kiasi hicho, haileti usingizi mzito, na hatari yake ni ndogo zaidi mtu akizidisha. Kwa upande mwingine, wiki za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi, na hamu ya tendo la ndoa hupungua kwa baadhi ya watu. Kwa maoni yetu, kama mgonjwa hana maumivu ya mishipa na fluoksetini inapatikana, ndiyo ya kuanza nayo. Ila zisichanganywe kiholela. Fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja amitriptilini, kwa hiyo kipimo kile kile cha zamani hugeuka kuwa kikubwa mno. Nayo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha. Kuhama kupangwe na daktari.

Vyovyote mtakavyofanya, mhesabu tangu siku ya kipimo kamili. Wiki ya pili hadi ya nne ndipo nafuu huanza, na wiki ya sita ndipo mnapokaa na mhudumu kuamua. Dalili za nafuu ni ndogo ndogo: ameoga bila kuambiwa, ameuliza bei ya nyanya, amempigia dada yake simu. Na ombeni ushauri nasaha pia. Kwa sonona nyepesi mazungumzo yanatangulia dawa, na kwa sonona kali viwili hivyo vikienda pamoja hushinda kimoja. Mwacheni pia aseme kama kuna jambo nyumbani linalomkandamiza. Wakati wa kusema hilo wewe utoke nje.

"Naendesha bodaboda. Nimeandikiwa amitriptilini ya kipandauso. Kichwa kimepoa lakini asubuhi niko kama nimelewa, mdomo mkavu kama kaukau, na choo siku tatu sijaona." – Nakuru

Kaka, kwanza usalama. Siku chache za mwanzo, na kila unapopandishiwa kipimo, usiendeshe mpaka ujue mwili wako unaipokeaje dawa. Abiria wako hajaandikiwa hiyo dawa. Uzito wa asubuhi kwa wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Wengi hukosea saa: wanameza saa tano usiku wakitaka kuamka saa kumi na moja. Meza saa moja au saa mbili jioni, ili kilele cha usingizi kipite kabla hujaamka. Ukibaki umelewa baada ya wiki mbili, omba kipimo kipunguzwe. Kwa kipandauso 10 hadi 25 huwatosha baadhi ya watu. Pombe iweke kando kabisa, maana bia moja juu ya dawa hii si bia moja. Miraa nayo isiwe dawa ya kuamkia: itakufukuzia usingizi wa usiku unaofuata, na kukosa usingizi ndiko kunakoamsha kipandauso.

Ukavu wa mdomo unatokana na dawa kuziba kemikali inayoamrisha tezi za mate. Mate yakipungua meno huoza haraka, kwa hiyo usijiliwaze kwa pipi na soda. Piga funda dogo la maji mara kwa mara, tafuna chingamu isiyo na sukari, piga mswaki mara mbili. Kwa choo, kula papai, mboga za majani, maharage, na unywe maji ya kutosha. Zikipita siku nne bila choo, mwone mfamasia akupe dawa ya kulainisha. Tumbo likijaa, likiuma na huwezi hata kutoa hewa, hiyo ni safari ya hospitali. Ukisimama ghafla ukaona giza, presha imeshuka kwa mkao: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu hadi thelathini, ndipo uinuke. Na kwa kuwa dawa hupunguza jasho, mwili hupoa kwa shida juani. Mchana wa joto kali tafuta kivuli.

"Wanangu, nina miaka 71. Mkanda wa jeshi umepona lakini ubavu bado unachoma. Tangu nianze hiyo dawa mkojo unatoka kwa matone, na jana usiku haukutoka kabisa mpaka alfajiri." – Lamu

Shikamoo mzee wetu. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda leo. Kama sasa hivi kibofu kimejaa na mkojo hautoki, hiyo ni dharura na utawekewa mpira wa kutoa mkojo. Dawa hii hulegeza msuli wa kibofu, na kwa mwanaume wa umri wako ambaye tezi dume huenda imekwishavimba, njia inajifunga. Waambie unatumia amitriptilini, usimeze ya usiku wa leo mpaka uonwe, na uulize dawa mbadala kama gabapentini, ambayo nayo hutuliza maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi.

Wazee wengine wanaosoma haya watazame na mambo haya: jicho kuuma na kuwa jekundu huku taa zikionekana zimezungukwa na duara za rangi, ambayo inaweza kuwa presha ya macho, kuchanganyikiwa usiku, na kuanguka njiani kwenda msalani. Nyonga iliyovunjika huumiza kuliko maumivu yaliyoitiwa dawa.

"Natumia amitriptilini 75. Wiki iliyopita nilipata malaria nikapewa dawa ya mseto. Duka la dawa pia waliniuzia tramado kwa ajili ya mgongo na piritoni kwa mafua. Nilisikia moyo unaruka. Ni malaria au ni dawa?" – Mwanza

Huenda vyote, na tunashukuru umeuliza kabla ya mara nyingine. Tuzichambue moja moja.

Tramado ndiyo inayotutia hofu zaidi. Yenyewe na amitriptilini zote huongeza serotonini, na zote hushusha kizuizi cha degedege. Zikikutana, mtu asiyewahi kuanguka kifafa anaweza kuanguka. Serotonini ikizidi mno utaona kutetemeka, jasho jingi, kuharisha, misuli kurukaruka au kukakamaa, joto la mwili kupanda na akili kuvurugika. Hapo ni hospitali mara moja, si kulala uone kesho. Kwa mgongo tumia parasetamoli, isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ini bovu au mwili mdogo achukue pungufu. Tramado ni dawa ya cheti. Aliyekuuzia bila kuuliza unatumia nini amekukosea.

Piritoni inaonekana ndogo, lakini inafanya sehemu ya kazi ile ile ya amitriptilini: usingizi, ukavu, mkojo mgumu. Ni sawa na kupandisha kipimo bila kujua. Prometazini ni vivyo hivyo.

Dawa ya mseto, ile ya artemetha na lumefantrini, inaweza kuchelewesha ini kuivunja amitriptilini, na zote mbili zinagusa mpangilio wa umeme wa moyo. Lakini tusikilizane vizuri hapa: malaria isiyotibiwa huua, na hatumwambii mtu yeyote aache dozi ya malaria. Tunasema mtaje amitriptilini *kabla* ya kuandikiwa, ili mhudumu aamue kama apunguze au asimamishe amitriptilini kwa siku hizo, akufanyie kipimo cha umeme wa moyo kama kipo, au akuchagulie njia nyingine. Kwinini ina tatizo la moyo la namna hiyo pia. Ukizimia, au moyo ukienda mbio bila mpangilio, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa tayari umesikia moyo ukiruka, usiache bila kupimwa, hata kama sasa umetulia.

Wanaotumia ARV zenye ritonavia nao wamwambie daktari, kwa sababu huongeza kiwango cha amitriptilini kwenye damu. ARV ya dolutegravia haina tabia hiyo. Dawa ya fangasi ya flukonazo pia inaweza kuiongeza. Andika jina la dawa na kipimo kwenye jalada la daftari lako la kliniki kwa herufi kubwa. Siku ukiwa na homa kali hutakumbuka, lakini daftari litasema.

"Ramadhani inaingia. Nifanyeje na dozi?" – Unguja

Dozi moja ya usiku haigombani na funga. Meza baada ya kufuturu na kuswali, si wakati wa daku, maana ukimeza daku utashinda umesinzia. Maji uyanywe kwa awamu kati ya futari na daku, kwa sababu ya mdomo, choo na presha ya kusimama ghafla. Ukizimia au kuona giza mchana, mwone daktari. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua.

"Nilitumia 100 kwa sonona miezi minne, nikapona, nikaacha ghafla. Siku ya tatu nikawa na kichefuchefu, kichwa, ndoto za kutisha, hasira. Nimeshakuwa teja?" – Eldoret

Hapana. Teja hutamani dawa, huongeza kiasi, huitafuta kwa gharama yoyote. Wewe uliiacha bila kuikumbuka, isipokuwa mwili uliozoea kuwa nayo ulishtuka. Kwa wengi hali hiyo hupita ndani ya wiki moja hadi mbili. Ikiwa kali, daktari hurudisha kipimo cha mwisho kisha anateremsha polepole.

Kosa lako la kwanza lilikuwa namna ya kuacha, la pili ni wakati. Ukipona sonona, dawa huendelea kwa kipimo kile kile kilichokuponya miezi tisa hadi kumi na miwili *baada* ya kupona, kwa sababu kipindi hicho ndicho ugonjwa hupenda kurudi. Anayeugua kwa mara ya pili au ya tatu hukaa nayo zaidi. Kushuka huchukua angalau wiki nne: kwa aliye kwenye 100, kwa mfano, 75 kwa wiki moja au mbili, halafu 50, halafu 25, ndipo aache. Aliyetumia kwa miaka huchukua miezi. Dalili zikijitokeza kwenye ngazi fulani, kaa hapo mpaka zitulie.

Ujue pia kutofautisha mshtuko wa kuacha na ugonjwa kurudi. Mshtuko huja ndani ya siku chache, una dalili za mwili, na hupungua kila siku. Sonona hurudi taratibu, wiki au miezi baadaye, na huzidi kila siku. Ukisahau dozi ya usiku ukakumbuka asubuhi, iache, endelea usiku na moja tu. Usimeze mbili kufidia.

"Nina mimba ya miezi mitatu. Niache?" – Bukoba

Usiache peke yako, dada. Sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mama na mtoto: mama hali chakula, hahudhurii kliniki, wakati mwingine hujidhuru. Daktari atatafuta kipimo kidogo kinachotosha, na mkunga ajue mapema ili mtoto aangaliwe siku za kwanza kama anatetemeka, ananyonya kwa shida, au mkojo na choo vinachelewa. Kwenye maziwa ya mama hupita kiasi kidogo, na wengi hunyonyesha bila tatizo. Mtoto akisinzia kupita kawaida, arudishwe kituoni. Ila usilale kitanda kimoja na kichanga ukiwa umemeza dawa inayokutia usingizi mzito. Mlaze pembeni, karibu na mkono wako.

"Binti yangu wa miaka 17 anasema maisha hayana maana. Baba yake ana kopo la amitriptilini ya mgongo. Nimefikiria nimpe kidogo. Nikiogopa pia hilo kopo kubaki ndani." – Mama, Mombasa

Mama, usimpe. Lakini hofu yako kuhusu kopo ni ya kweli, na ukimaliza kusoma lifungie kabatini, ufunguo ukae nawe.

Kwa kijana wa umri wake amitriptilini haipendekezwi kutibu sonona. Dawa inayotumika, pale inapohitajika, ni fluoksetini, tena chini ya daktari anayejua vijana, ikiambatana na ushauri nasaha. Mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2004 iliagiza dawa zote za sonona ziwekewe onyo kali kwamba mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa watoto na vijana wanapoanza, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa kufika umri wa miaka 24. Onyo hilo halina maana kijana asitibiwe. Lina maana asiachwe peke yake. Wiki za mwanzo, na kila kipimo kinapobadilishwa, aonwe kila wiki. Mara nyingine nguvu za mwili hurudi kabla ya tumaini kurudi, na hapo ndipo pa kuwa macho. Angalia kukosa utulivu, kutolala, hasira mpya, kugawa vitu vyake, maneno ya kuaga.

Leo hii muulize waziwazi: "Unafikiria kufa? Umefikiria namna?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi linampa nafasi ya kuvuta pumzi. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake hata dakika moja, na mwende hospitali leo yenye huduma ya afya ya akili. Nyumbani, dawa zichukuliwe kwa wiki moja moja badala ya kopo zima, na za baba zirudishwe duka la dawa kama hazitumiki.

Tunazungumza hivi kwa sababu amitriptilini ikizidishwa ni miongoni mwa dawa za sonona zilizo hatari zaidi. Vidonge vichache tu ni hatari kwa mtoto mdogo aliyevidhania pipi. Mtu anaweza kuonekana mzima kwa saa moja, kisha akasinzia, akapata degedege, na moyo ukapoteza mpangilio. Kwa hiyo mtu akimeza kupita kipimo, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, msisubiri dalili, mkimbizeni hospitali. Msimpe maziwa wala mafuta. Hayazimui dawa hii. Msimtapishe, maana akisinzia katikati ya kutapika matapishi huingia mapafuni. Akiwa na usingizi, alale kwa ubavu na mtu amwangalie anavyopumua njia nzima. Hospitalini watapima umeme wa moyo, watamwekea dripu ya sodiamu baikaboneti ikihitajika, na watamwangalia angalau saa sita hata akionekana mzima. Wengi huchelewa kwa kuogopa polisi. Huko kwenu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba, na hata pale ambapo sheria ya namna hiyo bado ipo, mlango wa kwanza ni wa hospitali. Chukueni kopo lenyewe na vidonge vilivyobaki ili daktari ahesabu, na mwandike saa aliyomeza.